Maonesho ya sanaa ya mtaani yaliyo wazi kwa kila mtu: mwongozo kamili wa kuyaandaa, pamoja na darasa lake

Ukumbi unaweza kuwa wa bure na bado ukabaki mtupu. Mtu anapita nje, anaona geti lenye mlinzi, meza yenye daftari la wageni, na ndani watu waliopendeza wakinong'onezana mbele ya picha. Anajiuliza kama na yeye anaruhusiwa, hapati jibu, anaendelea na safari zake. Maonesho mengi huwapoteza watu wa mtaa wenyewe hapo hapo, hata kabla kiingilio hakijatajwa. Kwa anayetumia kiti mwendo, kwa kiziwi, kwa asiyeona, vizuizi vya mlango huo ni vingi zaidi.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya wachoraji na wachongaji, walimu, na wasimamizi wa vituo vidogo vya sanaa wanaotaka kuonesha kazi na kufundisha papo hapo. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini anayefanya kazi Mombasa, Mwanza au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi tu.

Kuonesha na kufundisha mahali pamoja ni jambo la kawaida kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaobeba jina lake, aliyefariki 1972, aliwafundisha ndugu na jamaa zake kwa kuwaketisha kando yake wakati anachora na kuuza, na mtindo huo umeishi hadi leo kwa njia hiyo hiyo. George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam miaka ya 1970 akiwa mlinzi, akatoka humo msanii wa kimataifa. Nafasi Art Space, iliyoanza 2008 kule Mikocheni, imegeuza makontena ya meli kuwa karakana, na mgeni anayekuja kuangalia picha hupita mlangoni mwa anayezichora. Nairobi, kikundi cha Wajukuu kilichozaliwa Mukuru kimewafundisha watoto wa mtaa wake kuchora, na mwaka 2022 kilionesha kazi zake Kassel, Ujerumani, kwenye maonesho makubwa ya sanaa ya kimataifa yaitwayo documenta, awamu ya 15. Wote hao waliupanga mlango wao kabla ya kuta.

Hatua ya kwanza: amua unamwita nani, kisha hesabu ukuta

Andika kwenye karatasi moja watu watatu halisi wa mtaa wako unaotaka waje: kwa mfano mama muuza chapati wa jirani, mwanafunzi kiziwi wa darasa la sita, mzee mstaafu ambaye macho yamepungua nguvu. Kila uamuzi utakaofuata upimwe kwao. Ukiandika "umma kwa ujumla" hutapata pa kuanzia.

Kisha chagua kazi, na uwe na roho ngumu. Wasanii watakuletea kila walicho nacho, na ukikubali vyote ukumbi utafanana na duka. Pima ukuta. Wenye mita 6 unabeba picha tano zenye upana wa sentimita 60: picha zinachukua mita 3, na nafasi sita za sentimita 50 zinachukua mita 3 zilizobaki. Chini ya sentimita 50 baina ya picha, jicho halipumziki, na mtu wa kiti mwendo hapati pa kusimama mbele ya picha moja bila kuziba nyingine. Chumba cha darasa cha kawaida kinatosheka kabisa na kazi 18 au 20.

Hatua ya pili: kagua jengo ukiwa na anayelihitaji

Usilikague peke yako ukajiridhisha. Nenda na mtu anayetumia kiti mwendo na mwingine mwenye uoni hafifu, uwalipe nauli na muda wao. SHIVYAWATA, yaani Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, na vyama vyake kama CHAVITA cha viziwi na TLB cha wasioona, ndiyo milango ya kugonga.

Vipimo vya kubeba kichwani ni vichache. Mlango uwe na uwazi usiopungua sentimita 80, na 90 ni bora. Ndani kuwe na mahali penye duara la sentimita 150 ili kiti mwendo kigeuke bila kurudi kinyumenyume. Njia ya mteremko ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 30, kwa hiyo mteremko wake unahitaji mita 3 na sentimita 60. Mafundi wengi watakuwekea ubao wa mita moja na kusema unatosha. Ubao huo utamwangusha mtu chali. Kama nafasi haipo, tafuta jengo lingine au tumia varanda na uwanja. Kumbeba mtu mzima juu juu mbele ya wageni ni kumdhalilisha, hata kama wabebaji wana nia njema.

Kagua choo. Jengo zuri lenye choo chenye kizingiti kirefu linamaanisha baadhi ya wageni wako wataondoka baada ya nusu saa.

Ukiamua kufanya nje, chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, kivuli si anasa. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na ngozi isiyohimili jua, kwa hiyo turubai litandwe mapema na litandwe upande ambao jua litakuwa saa za maonesho, si lilipo asubuhi mnapofunga kamba. Kwa Dar es Salaam na pwani, Machi hadi Mei ni masika. Usihatarishe kazi za watu.

Hatua ya tatu: vibali na makubaliano

Anza na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, na uliza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kuhusu usajili wa kikundi na kibali cha tukio. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nani, nini, wapi, lini, watu wangapi. Peleka mapema na udai nakala yenye mhuri, maana siku ya tukio atakayekuja kuuliza hatakuwa yule uliyezungumza naye ofisini.

Makubaliano na wasanii yaandikwe hata kama ni ndugu zako. Yaseme mambo haya: kazi ni ya nani, bei ni ipi, kikundi kitabaki na asilimia ngapi ikiuzwa, nani anagharamia ikiharibika, itarudishwa lini, na kama mnaruhusiwa kuipiga picha na kuiweka mtandaoni. Nyumba za sanaa za kibiashara huchukua hadi nusu ya bei. Kituo cha mtaa kinachochukua zaidi ya robo, kwa maoni yangu, kijiulize kinamhudumia nani. Tena mnunuzi aelezwe wazi kwamba amenunua kitu chenyewe. Haki ya kukichapa kwenye fulana au kalenda inabaki kwa msanii.

Hatua ya nne: kupokea kazi

Kila kazi inayoingia ipigwe picha mbele na nyuma, ipewe namba, na mwenye nayo asaini akiona makovu iliyokuja nayo. Picha ya kitambaa isiyo na fremu ikunjwe kuzunguka bomba la plastiki, rangi ikitazama nje. Ukiikunja rangi ikiwa ndani inabanana na kupasuka. Rangi ya mafuta inayotumiwa na wachoraji wa Tingatinga hukauka juu haraka lakini kwenye joto inaweza kunata, hivyo usizipange picha zikigusana uso kwa uso. Kinyago cha mpingo kisikae juani wala mbele ya feni. Mti huo ni mgumu sana, ila ukikauka kwa ghafla unafanya ufa.

Hatua ya tano: kutundika

Majumba mengi ya makumbusho huweka kitovu cha picha kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Wewe una watoto na watu waliokaa. Weka 135 hadi 140, na hakuna mrefu atakayelalamika.

Hesabu ya msumari ni hii. Chukua kimo cha picha, gawa kwa mbili, jumlisha na kitovu: hapo ndipo ukingo wa juu utakapofika. Kisha vuta waya wa nyuma kama unavyovutwa na msumari, upime umbali wake kutoka ukingo wa juu, utoe. Picha ya sentimita 80, kitovu 140: 40 na 140 ni 180. Waya ukivutwa unabaki sentimita 6 chini ya ukingo. Msumari unagongwa kwenye 174. Piga mstari mwembamba wa penseli wa kitovu ukutani kote na utumie pima maji, kwa sababu sakafu za majengo yetu mara nyingi haziko sawa na zitakudanganya.

Ukikatazwa kugonga misumari, funga bomba la chuma au ubao juu ya ukuta na ushushe picha kwa mshipi wa kuvulia, kamba mbili kwa kila picha ili isizunguke. Vinyago viwe juu ya meza nzito za kimo cha sentimita 75 hivi, miguu yake ikionekana na kugusika kwa fimbo nyeupe. Kitu kinachotokeza ukutani kwa kimo cha kifua bila chochote chini yake ni mtego kwa asiyeona.

Mwanga ushuke kwa pembe, usimulike moja kwa moja. Simama unapotarajia mgeni asimame, kisha keti kwenye kiti uangalie tena. Ukiona taa kwenye kioo cha fremu, sogeza taa. Kazi za karatasi, rangi za maji na vitambaa zikae mbali na dirisha, jua linazila.

Hatua ya sita: maandishi, sauti na mguso

Lebo iwe na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na bei. Herufi zisipungue ukubwa wa 24, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Plastiki ya kufunikia lebo (laminesheni) inalinda karatasi lakini inarudisha mwanga machoni, iache. Kiswahili kije kwanza. Kama kuna wageni wa nje ongeza lugha nyingine chini yake, kwa herufi zilezile.

Maelezo marefu yasizidi maneno 70. Sentensi kama "kazi hii inahoji mahusiano ya nafasi na utambulisho" haimsaidii yeyote, hata aliyeiandika. Mwambie msomaji jambo analoweza kuliona akigeuza shingo: kwamba macho ya chui yalipakwa mwisho, kwamba watu wote waliopandana kwenye kinyago wametoka kwenye gogo moja.

Kwa wasioona, andaa maelezo ya kusemwa. Utaratibu unaofanya kazi: taja kwanza ukubwa na kifaa, kisha picha nzima kwa sentensi moja, kisha sehemu zake kwa mpangilio usiorukaruka, mathalani kutoka juu kushoto ukizunguka kama mshale wa saa. Taja rangi pia. Wengi waliwahi kuona, na ambao hawakuona wanajua vizuri rangi zina maana gani kwenye maisha ya watu. Rekodi kila maelezo kwa dakika moja na nusu hivi, uyaweke kwenye simu mbili za kituo zenye vipokea sauti. Kumtegemea mgeni atumie bando lake mwenyewe ni kumtoza kiingilio kwa mlango wa nyuma.

Na angalau kazi tatu ziruhusiwe kuguswa. Waulize wachongaji, wengi wanakubali upesi kuliko wachoraji. Mpingo uliong'arishwa unastahimili mikono iliyonawa. Weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na lebo iseme GUSA kwa herufi kubwa, maana watu wazima wetu wamefundishwa kutogusa. Waruhusiwe wote. Ukitenga meza ya wasioona peke yao umewafanya maonesho ndani ya maonesho.

Hatua ya saba: darasa

Hapa ndipo penye kazi kubwa na furaha kubwa. Darasa liwe ndani ya ukumbi wa maonesho wenyewe, katikati ya kazi, na lichukue dakika 90. Watu 15 wanatosha kwa mwalimu mmoja na wasaidizi wawili.

Dakika 15 za mwanzo ni za kutazama. Chagua kazi moja tu. Uliza: mnaona nini? Nini kinawafanya mseme hivyo? Nani ameona kingine? Usisahihishe na usitoe historia ya msanii mpaka wamalize. Vijana waliozoea shule ya "jibu ni lipi" watakaa kimya mwanzoni, wakikutazama usoni kutafuta jibu. Vumilia ukimya huo. Akishazungumza mmoja, utapata shida ya kuwanyamazisha.

Kisha mikono. Vifaa vya dukani ni ghali na si lazima.

Mkaa wa kuchorea: kata vijiti vikavu vyembamba, uvibandue maganda, uvijaze kwenye kopo la bati lenye kifuniko ulichokitoboa tundu dogo. Weka kopo kwenye jiko la mkaa. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa kabla ya kufungua, la sivyo vijiti vinawaka vikipata hewa.

Rangi: udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, masizi, manjano ya jikoni, kila kimoja kikichanganywa na maji na gundi nyeupe kidogo. Udongo na masizi hudumu. Manjano hupauka juani, waambie mapema wasije wakasikitika.

Mihuri: soli za kandambili zilizochakaa, zikaoshwa, zikachongwa kwa wembe na mtu mzima au kijana aliyeelekezwa. Paka rangi nzito kwenye sponji, gandamiza muhuri, kisha uchape kwenye karatasi au kitambaa cha amerikani. Herufi zichongwe kinyume. Kila darasa lina mtu atakayelisahau hilo, na kicheko chake kinafundisha kuliko onyo.

Sasa namna ya kumwingiza kila mtu kwenye kazi ileile. Kwa asiyeona, tengeneza ubao wa kuchorea: chukua kipande cha ubao chenye ukubwa wa daftari kubwa, kifunike kwa waya wa mbu wa dirishani, kunja kingo nyuma uzibane, na uzifunike kwa tepu ngumu zisikate vidole. Weka karatasi juu, chora kwa krayoni ya nta ukikandamiza. Mstari unatokea wenye vinundu, na mchoraji anausoma kwa kidole papo hapo, bila kusubiri chochote kikauke. Wanaoona nao watataka kuutumia, kwa hiyo tengeneza kadhaa. Kwa mwenye mkono usioshika vizuri, zungushia mpini wa brashi kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka unenepe kiasi anachotaka yeye. Bandika karatasi mezani kwa tepu ili isiteleze. Kwa mtoto mwenye usonji, eleza mpangilio wa kipindi mwanzoni kwa michoro minne mitano ubaoni, na uwe na kona tulivu anayoweza kwenda bila kuomba ruhusa.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na mwalimu, mwanga ukimwangukia usoni na mgongo wake ukiwa mbali na dirisha. Mwalimu asizungumze watu wakiwa wameinama kuchora: kiziwi hawezi kutazama karatasi na mkalimani kwa wakati mmoja. Onesha kwanza, nyamaza, wafanye. Kanuni hii huboresha darasa la kila mtu, na walimu wengi wangepona koo wakiifuata.

Kazi za siku hiyo zitundikwe siku hiyohiyo, kwenye ukuta ulioutenga tangu mwanzo, kwa lebo za ukubwa uleule wa wasanii wakubwa. Mtoto atamleta mama yake kuiona. Huyo ndiye mgeni ambaye bango lisingemleta.

Palipo na watoto, watu wazima wawe wawili kila wakati, na picha zao zisipigwe bila idhini ya mzazi.

Hatua ya nane: watu wa mlangoni

Fundisha vijana wanne wa mtaa kuwa waongozaji, uwalipe. Kazi yao kuu ni salamu: "Karibu, ni bure, unaweza kuzunguka upendavyo." Wasimfuate mgeni kama anayeshukiwa wizi. Wajifunze pia kumuongoza asiyeona: kumpa kiwiko ashike, bila kumvuta mkono, na kumtajia ngazi kabla hazijafika. Mlinzi ahudhurie mafunzo hayo. Yeye ndiye uso wa kwanza, na kwenye vituo vingi hajaambiwa hata ndani kuna nini. Daftari la wageni lisogezwe pa kutokea, ili kuandika jina kusionekane sharti la kuingia.

Hatua ya tisa: ufunguzi na siku za katikati

Jumamosi saa 9 alasiri inafaa mitaa mingi, kwa kuwa watu wanarudi na daladala kabla ya giza. Mwezi wa Ramadhani sogeza asubuhi, au baada ya tarawehe kama mtaa wako hukesha. Hotuba zisizidi dakika 20 kwa jumla, na mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Najua si rahisi kusema hivyo kwa mkubwa, lakini mkalimani, watoto na wazee wote wanachoka wakimsubiri mtu mmoja. Hafla ikizidi saa moja, wakalimani wawe wawili wapokezane kila dakika 20 hivi.

Tenga asubuhi moja ya wiki iwe ya utulivu: muziki umezimwa, watu wachache, hakuna vikundi vya shule. Itangaze kwa jina hilo ili wanaoihitaji waijue. Matangazo yenyewe yaandike wazi: kuna mteremko au hakuna, choo kikoje, mkalimani yupo siku gani, kituo cha daladala kilicho karibu ni kipi. "Watu wote mnakaribishwa" haimwambii mwenye kiti mwendo kama atapita mlangoni.

Fedha zikiwa chache, kata kwa mpangilio huu: vinywaji vya ufunguzi kwanza, kisha fulana, kisha bango kubwa. Mkalimani na mteremko vikatwe mwisho, na ukifika huko ahirisha.

Hatua ya kumi: kuuza na kufunga

Kazi iliyouzwa iwekewe kitone chekundu na ibaki ukutani hadi mwisho. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya kikundi, si ya mtu, na stakabadhi iandikwe palepale. Msanii alipwe ndani ya wiki moja tangu kufunga, kwa tarehe mliyoiandika. Vikundi vingi vya sanaa vimevunjika kwa pesa za picha moja.

Siku ya mwisho waite tena wale watu watatu uliowaandika mwanzoni, au walio kama wao, mzunguke ukumbi pamoja ukiwa umebeba daftari. Waulize wapi walikwama, na uandike kwa maneno yao. Kisha shusha kazi, linganisha kila moja na picha ya siku ilipoingia, msanii asaini kupokea, ziba matundu ya misumari na urudishe funguo. Njia ya mteremko, kama ni ya mbao, iwekwe pakavu pasipo mchwa. Maonesho yajayo yataihitaji, na msikiti, kanisa au ofisi ya mtaa nao wataomba kuiazima.